Kimkia cha Chuma

Kengele ya mwisho ilipolia, Sumaku alikuwa na njia mbili za kurudi nyumbani. Ya kwanza ilifuata barabara, ikauzunguka uwanja wote wa mabomba, ikapita duka la dawa, ndipo ikafika kwao. Ya pili ilipenya kwenye tundu la uzio wa waya na kukata katikati ya uwanja. Ya kwanza ndiyo aliyoruhusiwa. Ya pili ndiyo iliyokuwa fupi.

Sumaku halikuwa jina alilozaliwa nalo. Baba yake ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu hapakuwa na kipande cha chuma kilichoanguka chini kikamkwepa msichana huyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na chini ya kitanda chake palikuwa na boksi la viatu lililojaa skrubu, nati, springi na gololi. "Usimwache karibu na baiskeli yako," baba alizoea kumwambia mgeni. "Utarudi kwako ukiisukuma, haina mnyororo."

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Katika uwanja ule alichomelea mabomba ya maji, makubwa kiasi kwamba mtoto angesimama ndani yake bila kuinama. Mama alikuwa msusi. Aliwasukia wateja wake katika chumba cha mbele cha nyumba, kwenye kiti kimoja cha mbao kilichotazama dirisha. Nyuma ya kiti palikuwa na rafu ya machanuo, nyuzi, mafuta na makopo ya shanga. Kutwa nzima mama alisimama hapo, kati ya kiti na rafu, mikono yake ikienda mbio na mdomo wake ukiifuata.

"Ule uwanja una cheche, una winchi, una watu wenye haraka," baba alimwonya Sumaku. "Nikikukuta ndani, mimi na wewe tutaongea kwa lugha nyingine."

Lakini Sumaku aliyajua mengi ya uwanjani, kwa kuwa baba alipenda kusimulia kazi yake. Alijua kwamba kila baada ya muda wanakuja wapiga picha wa mabomba, na mkubwa wao mafundi wanamwita Bwana Filamu. Wakifika, wanazungushia kamba za rangi, wanapiga filimbi, na kila mtu anaondoka mpaka wamalize.

"Kiungo cha bomba ni kama jino," baba alimweleza siku moja. "Nje linang'aa, ndani limeoza. Wale wanatuangalizia ndani kabla maji hayajapita."

"Kama eksirei ya hospitali?"

"Ndugu yake. Ila ya hospitali ukizima umeme inazimika. Ya kwao haina umeme. Imo ndani ya sanduku la manjano, inatoa mionzi yake usiku na mchana."

"Inalala saa ngapi?"

"Hailali," baba alisema.

Sumaku aliwahi kuliona sanduku hilo kupitia uzio. Lilikuwa dogo, zito, watu wawili walilibeba kwa mpini. Ubavuni lilichorwa alama: kiduara, na mabawa matatu yamekizunguka kama pangaboi.

Alasiri moja wingu zito lilitanda na radi ikaanza kunguruma. Sumaku alitazama barabara, akatazama tundu la uzio, akajiambia kwamba hata baba mwenyewe asingependa mwanawe alowe. Akapenya.

Mafundi walikuwa wamekwenda kujikinga. Wapiga picha walikuwa wameondoka muda si mrefu. Kipande cha kamba yao kilikuwa bado kimefungwa kwenye mti wa uzio. Sumaku alipita haraka kando ya mabomba, macho yake chini kama kawaida yake. Hapo ndipo alipokiona.

Kilikuwa kimelala kwenye vumbi chini ya bomba. Kilikuwa na urefu wa kidole, kimesokotwa kwa nyaya nyembamba za chuma kisichoshika kutu. Upande mmoja kilikuwa na kifundo laini, upande wa pili kijindoano. Ukikishika kilinesanesa kama mkia wa panya. Hakikuwa na harufu. Hakikuwa cha moto wala cha baridi. Hakikuwa na alama yoyote. Katika boksi lake zima la viatu hapakuwa na kitu kizuri kama hicho.

Alikichezea vidoleni mpaka akatoka nje ya uwanja, akakitumbukiza kwenye mfuko wa sketi, akakimbia.

Mlangoni alimkuta rafiki yake Chiriku. Wenzao walimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kusikika amenyamaza, hata darasani, hata akiwa na chakula mdomoni.

"Una nini mfukoni?"

"Hakuna."

"Sumaku, mimi na wewe tunafichana?"

Sumaku akakitoa. Chiriku akanyoosha mkono, naye Sumaku akaurudisha wake nyuma. "Angalia kwa macho. Macho hayana mikono."

"Niazime," Chiriku alisema, akikitazama kinavyonesanesa. "Siku ya picha ya darasa. Mama yako ananisuka, halafu ananimalizia na hicho hapa kisogoni, kininginie. Mpiga picha mwenyewe atasahau kubonyeza."

Sumaku alicheka, akakubali. Mama alikuwa na mteja, hakugeuka. Sumaku alichukua kopo tupu la mafuta ya nywele, akakitia kimkia ndani, akalirudisha kopo kwenye rafu, nyuma kidogo ya mgongo wa mama. Aliona ni mahali pazuri. Hakuna mtu angelitupa kopo la mama.

Jioni hiyo baba alichelewa. Aliingia amelowa, akakaa bila kuvua viatu.

"Leo tumekuwa kama kuku," alisema. "Tumepangwa mstari, uwanja mzima, tunachakura. Bwana Filamu amepoteza kifaa."

"Kifaa gani?" mama aliuliza.

"Anasema kadude tu, kama kimkia cha chuma. Eti hakina maana, ila ni mali ya kampuni yao. Lakini mke wangu, mimi nimeona watu wakipoteza vitu. Mtu hatetemeki vile kwa kitu kisicho na maana." Akawatazama wote wawili. "Hamjasikia mtoto yeyote ameokota kitu huku?"

Sumaku alijua ni kile cha kwenye kopo. Angesema kimkia, angeulizwa alikiokota wapi. Angesema wapi, tundu la uzio lingejulikana, na baba angeaibishwa mbele ya wenzake kwamba mwanawe ndiye mwizi. Yote hayo aliyawaza kwa muda wa kumeza mate.

"Hapana, baba."

"Basi." Baba akaanza kufungua kamba za viatu.

Kopo lilikaa kwenye rafu.

Tangu hapo mambo madogo madogo yalianza kwenda kombo nyumbani, na hakuna aliyeyaunganisha. Mama aliamka amechoka, akalala amechoka. Chakula alichokipika mwenyewe kilimtia kichefuchefu. "Ni kusimama," alisema. "Shule zikikaribia kupiga picha, watoto wote wa mtaa wanakumbuka kwamba wana nywele." Akacheka, kisha akashika ukingo wa rafu mpaka kizunguzungu kipite. Aliushika pale pale, karibu na kopo.

Sumaku naye alianza kuwashwa pajani, upande wa mfuko wa sketi. Alidhani ni mdudu. Siku iliyofuata palikuwa pekundu, duara dogo kama mtu amemwekea kikombe cha chai ya moto. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia zilimchonyota kila aliposhika kalamu. Alijaribu kukumbuka alijiunguza lini. Hakukumbuka, kwa sababu hakujiunguza.

Barabarani alikutana na Bwana Filamu. Alikuwa mtu mnene; alitembea taratibu, macho chini, akipindua majani kwa kijiti. Uso wake tu ndio uliokuwa umekonda. Aliwaita watoto, akawapa peremende, akawauliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyeokota kitu kinachong'aa.

"Kina nini hicho kitu?" Chiriku akamuuliza.

Bwana Filamu alifungua mdomo. Gari la kampuni lilikuwa limesimama mbele kidogo, na ndani yake bosi wake alikuwa akimtazama. Akaufunga.

"Hakina kitu," alisema. "Mkikiona, mniite."

Chiriku alimkonyeza Sumaku. Hakusema neno, na kwa Chiriku huo ulikuwa upendo mkubwa.

Ikafika siku moja kabla ya picha ya darasa. Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, Chiriku alimwendea mwalimu wa darasa akiwa amejikunja. "Tumbo," alisema kwa sauti ya kufa. Akaruhusiwa. Alipopita kwenye dawati la Sumaku alijinyoosha, akanong'ona: "Nawahi kiti cha mama yako kabla foleni haijajaa. Kimkia kiko kwenye kopo lile lile?"

Sumaku aliitikia kwa kichwa.

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha sayansi. Mwalimu wao, mzee mwembamba mwenye chaki mifuko yote, wanafunzi walimwita Mwalimu Chembe. Kila kitu kwake kilikuwa chembe. Ukichelewa, alikwambia umekosa chembe ya adabu.

"Dawati hili, ukuta ule, pua yako wewe unayesinzia, vyote vimejengwa kwa atomi," alianza. "Na katikati ya atomi kuna kiini. Viini vingi vimetulia, kama mtu aliyekula akashiba. Lakini viko ambavyo havitulii. Vina nguvu iliyozidi, na ni lazima viitupe nje. Hiyo nguvu vinayoitupa ndiyo mionzi ya nyuklia."

Akawaeleza kwamba mionzi hiyo hutumika kuua uvimbe wa saratani, kusafisha mabomba ya sindano kabla hayajafungwa, na kukagua ndani ya vyuma bila kuvikata. Darasa lilisikiliza. Hata yule wa kusinzia alifumbua jicho.

Ndipo akageuka, akachora ubaoni kiduara na mabawa matatu.

"Ukiiona alama hii, ujue ndani yake kuna mionzi. Usifungue, usiguse, ondoka, kamwambie mtu mzima."

Sumaku alinyoosha mkono. "Mwalimu, na kama kitu chenyewe kimetoka ndani ya sanduku? Kikawa hakina alama?"

"Swali zuri, na ni swali baya," Mwalimu Chembe alisema. "Hapo ndipo watu huumia. Kitu hicho chaweza kuwa kidogo kama kidole chako, kinang'aa, mtu akakipenda. Hutasikia chochote ukikishika. Hakina harufu, hakina sauti. Siku zinapita, ngozi inakuwa nyekundu kama umeungua, wala hukumbuki uliungua lini. Na anayekaa nacho chumba kimoja kutwa nzima anaanza kichefuchefu, anachoka, na..."

Alinyamaza, kwa sababu msichana wa dawati la tatu alikuwa amesimama. Alikuwa akivitazama vidole vyake.

"Mwalimu," Sumaku alisema, "kiko nyumbani. Kiko nyuma ya mama."

Mwalimu Chembe hakupiga kelele. Alimtoa nje ya darasa, akapiga magoti barandani ili macho yao yakutane, akamwuliza maswali mafupi, na safari hii Sumaku alijibu yote: tundu la uzio, vumbi chini ya bomba, mfuko, kopo, na lile "hapana" alilomjibu baba yake. Alipofika kwenye Chiriku, maneno yalimtoka mbio.

"Amekwenda kusukwa. Mama anamfunga nacho kichwani. Sasa hivi."

Mwalimu akatoa simu. Namba ya mama, Sumaku aliijua kwa moyo. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi juu ya mlango wao. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Mwalimu akapiga tena. Sumaku alijua kwa nini haipokelewi: mikono ya mama ilikuwa imejaa mafuta na nywele. Iliita tena. Mwisho ikapokelewa, na sauti iliyotoka haikuwa ya mama.

"Haloo, msusi ana kazi, sema nitamfikishia."

"Chiriku," Sumaku alisema, akiidaka simu. "Kimkia kiko wapi?"

"Tunamalizia msuko wa mwisho. Mama yako alikuwa ndiyo anajinyoosha alichukue kopo, simu ikalia. Mbona unahema?"

"Mwambie asiliguse. Tokeni nje. Wewe na mama, sasa hivi, msibebe kitu. Kimkia kina mionzi. Ndicho kinachomwumiza mama."

Simu ilipiga kishindo sakafuni. Kwa mbali sauti ya Chiriku ikasikika ikisema, "Shangazi, tutoke. Sumaku analia, tutoke." Kisha miguu. Kisha hakuna kitu.

Mwalimu Chembe alipiga simu ya pili, hospitali kuu, akaomba kitengo cha mionzi. Halafu akamshika Sumaku bega. "Tunakwenda, lakini hatuingii. Kumbuka mambo matatu. Ukikaa karibu nacho muda mfupi, unaumia kidogo. Ukikaa mbali, madhara yanapungua zaidi. Na ukiwa na ukuta mnene katikati, ni bora zaidi. Hatujui nguvu yake, basi tutakaa mbali."

Walipofika, mama na Chiriku walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara. Nusu ya kichwa cha Chiriku ilikuwa imesukwa, nusu imesimama kama brashi. Siku nyingine mtaa mzima ungecheka. Majirani walikuwa wamejikusanya, na mwalimu aliwasukuma nyuma kwa maneno ya upole, akiwarudisha hatua baada ya hatua mpaka mwisho wa mtaa. Mlango wa nyumba ulibaki wazi. Ndani kilionekana kiti, dirisha, rafu. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na moto. Ilikuwa nyumba tu, na watu wote waliiogopa.

Sumaku alimkimbilia mama. "Nilidanganya," alisema kwenye kanga yake. "Mama, nilidanganya."

"Nimesikia," mama alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Kaa hapa nami."

Gari la hospitali lilifika na mwanamke mfupi mwenye miwani, nywele zake zimefungwa kwa haraka. Alikuwa mwanafizikia wa kitengo cha saratani; kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima mionzi inayowatibu wagonjwa. Alishika kipima mionzi, kidude chenye ukubwa wa redio ndogo. Mwanzo kililia polepole: tik, tik. Alipovuka barabara kikaanza kuharakisha. Alipofika karibu na mlango, mlio ulikuwa hauna nafasi tena, kama mvua kwenye bati. Kwa mara ya kwanza kitu kile kilikuwa kimesikika.

Alirudi haraka, akazungumza na wenzake wawili, wakateremsha chungu kizito cha risasi, ile metali nzito isiyopenyeka kirahisi, na koleo lenye mpini mrefu kupita mtu. Wakati huo baba, aliyepata habari uwanjani, alitokea mbio, ovaroli imejaa madoa ya cheche, Bwana Filamu nyuma yake. Baba alitaka kupita. Mwanafizikia akamzuia kwa kiganja.

"Mke wangu yuko ndani?"

"Yuko pale, na mwanao. Nyumba haina mtu. Simama nao."

Wasaidizi wawili wa mwanafizikia waliingia kwa zamu. Mmoja alifungua kopo kwa koleo, akatoka mbio. Mwingine aliingia, akakinyanyua kimkia, akakitumbukiza kwenye chungu, akafunika. Kazi yote ilikwisha upesi kuliko kusuka msuko mmoja. Kipima mionzi kikarudi kwenye tik, tik yake ya polepole.

Bwana Filamu alikaa chini ukingoni mwa barabara, akafunika uso. "Kipima chetu kiliharibika," alisema, kama mtu anayejisemea. "Tulipaswa kupima kila tunaporudisha kimkia kwenye sanduku. Hatukupima. Kilichomoka, hatukujua. Bosi akasema tukitangaza, tutafungiwa kazi. Tutafute kimya kimya."

Baba alimsogelea. Mikono yake ilikuwa imekunjwa ngumi. "Uliniweka mstarini nikichakura vumbi kwa mikono mitupu," alisema. "Ukaniambia hakina maana. Mke wangu amekipa mgongo siku zote hizo." Hakumpiga. Alimgeuzia kisogo, akawashika mkono mama na Sumaku, wakaingia kwenye gari la hospitali.

Hospitalini walipimwa damu, wakapimwa tena. Bahati yao ilikuwa moja: kidonge cha mionzi ndani ya kifundo kilikuwa kimezeeka, karibu kubadilishwa, na nguvu yake ilikuwa imepungua sana. Hata hivyo chembe za damu ya mama zinazopambana na maradhi zilipungua. Kwa wiki kadhaa alilazwa chumba cha peke yake, ambako kila aliyeingia alinawa na kufunika pua, kwa kuwa hata mafua madogo yangeweza kumwangusha. Sumaku aliruhusiwa kumwona kupitia kioo tu. Mama alikuwa akimpungia mkono. Kuna siku hakupunga, alilala tu ameelekea ukutani, na siku hizo Sumaku hakula.

Paja lake mwenyewe lilivimba malengelenge, likafunguka kidonda. Daktari alilazimika kukata ngozi sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza pale. Vidole viwili vilipona, lakini ncha zake zilibaki ngumu, hazihisi vizuri. Chiriku alipimwa akakutwa salama, na wateja wote wa mama waliitwa mmoja mmoja wakapimwa, nao wakaruhusiwa kwenda zao. Ofisi ya serikali inayosimamia mionzi ilifunga kazi za kampuni ile, na bosi na Bwana Filamu wakapelekwa mahakamani.

Mama alirudi nyumbani amekonda, lakini amesimama. Alifagia chumba cha mbele, akafungua dirisha, akapangusa kiti. Hakuna mtu aliyekuja. Mtaani lilipita neno kwamba nyumba ile ina sumu, kwamba msusi ana ugonjwa wa mionzi na mikono yake inaambukiza. Watu walimsalimia kwa mbali. Mama alikaa kwenye kiti chake cha wateja, mikono mapajani, na jambo hilo lilimuumiza Sumaku kuliko kidonda.

Jumamosi moja mwanafizikia alikuja. Hakuja na gari la hospitali. Alikuja kwa miguu, mchana kweupe, nywele zake zimefumuliwa zote, akapita katikati ya mtaa huku watu wakimtazama. Akaingia, akakaa kwenye kiti.

"Nisuke mistari," alisema. "Na dirisha liache wazi, nataka wanione."

Mama alisita. "Daktari, huogopi?"

"Niogope nini? Mionzi si mafua. Kile kidonge hakikupasuka. Tulipokiondoa, tuliondoka nacho chote. Hakuna kilichobaki ukutani wala mikononi mwako. Wanaotibiwa na mashine yangu kila siku wanarudi nyumbani, wanakumbatia wajukuu zao."

Mama akachukua chanuo. Sumaku alisogea, akawa akimpa nyuzi. Kisha akasema lile lililokuwa likimkereketa tangu hospitalini.

"Daktari, kwa nini wasiitupe tu? Hii mionzi. Dunia nzima waitupe."

"Mwaka huu mashine yangu imewatibu wengi ambao bila hiyo tungewazika," mwanafizikia alijibu. "Na muulize baba yako, picha zile zimeonyesha viungo vingapi vyenye ufa kabla bomba halijapasuka. Nguvu haina nia njema wala mbaya, mwanangu. Nia iko kwa mtu aliyeishika."

"Mimi sikuwa na nia mbaya."

"Najua. Kuokota halikuwa kosa lako kubwa, hukujua. Kosa lilikuwa lile neno moja ulilomjibu baba yako." Alisema bila ukali. "Fikiria. Kile kitu hakina sauti, hakina harufu, hakina rangi. Hakiwezi kumwambia mtu kwamba kipo. Wenye midomo ni watu, na watu wanne walijua kitu na wakanyamaza: bosi, Bwana Filamu, rafiki yako, na wewe. Wakubwa wawili walijua hatari na wakaificha, na wao watalijibu hilo mahakamani. Wewe hukujua, lakini siku ulipojua, ulisimama hapo hapo mbele ya darasa zima. Kama ungesubiri kengele ilie, Chiriku angekuwa amekivaa kichwani."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama alisema, akivuta msuko. "Kuanzia leo, mwanangu, hata ukivunja nini, hata ukiogopa nani, njoo useme. Hasira ya baba yako inapona. Inapona bila hata dawa. Daktari, tulia, kichwa chako kinacheza."

Mwanafizikia akatulia. Nje, kivuli kilipita dirishani, kikarudi, kikasimama. Alikuwa mwanamke wa duka la dawa, mkono wake kichwani juu ya nywele zilizokaa muda mrefu bila kuguswa. Alitazama ndani, akamtazama aliyeketi kitini, akavua viatu mlangoni.

"Baada ya huyu," aliuliza, "kuna mtu mwingine?"

"Hakuna," mama alisema. "Karibu ukae."